Ufanisi wa Ubadilishaji wa Plazima katika Ugonjwa wa TTP: Mashine, Plazima na Muda

Mwaka 1924, Eli Moschcowitz, daktari wa New York, alieleza kisa cha msichana wa miaka 16 aliyeshikwa na homa, akapungukiwa damu, akapooza na hatimaye akafariki. Mishipa yake midogo ilikutwa imezibwa na mabonge ya damu. Ugonjwa huo, unaoitwa leo TTP, usipotibiwa huua takriban wagonjwa tisa katika kila kumi. Siku hizi wengi hupona, na sifa huiendea mashine ya kubadilisha plazima. Hoja yangu ni kwamba sifa hiyo haina budi kugawanywa.

Ushahidi mkuu ni utafiti wa Kanada wa mwaka 1991 uliohusisha wagonjwa 102. Kundi moja lilibadilishiwa plazima, jingine likaongezewa plazima kwa dripu tu. Miezi sita baadaye, asilimia 78 ya kundi la kwanza walikuwa hai, na asilimia 63 ya la pili. Mashine ilishinda, na ushindi huo haupingiki. Hata hivyo, kundi lililoshindwa nalo lina funzo. Ni kweli kwamba wale ambao dripu haikuwafaa waliruhusiwa kuhamishiwa kwenye mashine, kwa hiyo uhai wao si wa dripu pekee. Lakini walioanza na plazima tu hawakufa kama walivyokufa wagonjwa wa zamani.

Sababu ilibainika baadaye. Kuta za mishipa hutoa protini ya von Willebrand ikiwa nyuzi ndefu, nacho kimeng'enya ADAMTS13 huzikatakata. Mwaka 1998 ilidhihirika kwamba kwa wagonjwa wengi wa TTP mwili hujitengenezea kingamwili dhidi ya kimeng'enya hicho. Nyuzi zisipokatwa, chembe sahani hunasa humo kama samaki kwenye jarife, na chembe nyekundu zinazojipenyeza hapo huraruka.

Kwa hiyo mashine hufanya kazi mbili: huondoa kingamwili na huingiza kimeng'enya. Aliyezaliwa na upungufu wa kimeng'enya hana kingamwili za kuondolewa. Huyo dripu ya plazima humtosha. Hata kwa mwenye kingamwili, mashine humnunulia muda tu. Kiwanda cha kingamwili hufungwa kwa dawa za steroidi na rituksimabu.

Muda huo una gharama. Mgonjwa wa kilo 60 ana takriban lita 2.4 za plazima. Kuzibadilisha mara moja huhitaji mifuko kumi au zaidi, na kazi hurudiwa kila siku hadi chembe sahani zirejee katika kiwango cha kawaida. Hospitali iliyonunua mashine bila kuimarisha benki ya damu imenunua pambo.

Kwa hospitali ya wilaya isiyo na mashine, basi, kazi huanzia kwenye hadubini. Chembe sahani zimepungua sana, na kwenye kioo kuna vipande vya chembe nyekundu vyenye umbo la kofia ya chuma: bila sababu nyingine iliyo wazi, hiyo ni dharura. Steroidi na plazima zianze, mapafu yakichungwa yasijae maji, huku gari la rufaa likiandaliwa. Ufanisi wa tiba hii upimwe kuanzia saa kioo kiliposomwa, si saa mashine ilipowashwa.