Mkonge: Kutoka Kamba Hadi Sodo

Ndugu wanafunzi wa Gairo, leo tunasoma habari za mkonge.

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyopona ni 62 tu, ikapandwa Pangani. Baadaye mashamba yakaenea hata Kilosa, wilaya iliyotuzaa mwaka 2012. Miaka mingi mkonge ulitupa kamba na magunia.

Nyuzi zake zina gundi ya asili iitwayo lignini, inayozuia maji yasiingie. Mwaka 2023 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliiondoa kwa dawa. Nyuzi zikawa laini, zikanywa maji kuliko pamba.

Binti akikosa sodo, hukosa na masomo. Nao mkonge hustahimili ukame. Je, tuendelee kusokota kamba tu? Jadilianeni.