Joto na mimba changa (Tarime na Serengeti)

Mimba changa, yaani ujauzito wa miezi mitatu ya kwanza, huweza kudhurika joto la mwili wa mama likipanda sana. Wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, hazisifiki kwa joto: miinuko ya Tarime hupita mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na Mugumu, makao makuu ya Serengeti, nako ni juu, ingawa kukavu zaidi. Kipimajoto cha hewani, basi, hakisemi yote. Mwili hupata moto kwa palizi ya mchana, ndoo ya maji kichwani, moshi na moto wa kuni, na nyumba ya bati isiyo na dari. Kichefuchefu kikizuia kunywa na kula, jasho humaliza maji yaliyobaki. Kizunguzungu hufuata, hata kuzirai.

Mfereji wa neva, unaokuwa ubongo na uti wa mgongo, hujifunga mnamo siku ya 28 tangu mimba kutungwa. Joto la mwili la kupita nyuzi 39 katika siku hizo limehusishwa na mgongo wazi. Hapo homa ni ya kuogopwa kuliko jua, na Kanda ya Ziwa ina malaria nyingi. SP, dawa ya kinga ya kliniki, haitolewi katika miezi mitatu ya kwanza, hivyo tegemeo ni chandarua na kupima mapema. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani limependekeza dawa mseto ya ALu kutibu malaria isiyo kali katika kipindi hicho.

Kuhusu mimba kutoka, utafiti wa Tamil Nadu, India, uliochapishwa 2024, uliwafuatilia wajawazito 800. Waliofanya kazi kwenye joto kali walipoteza mimba zaidi ya wenzao. Hata hivyo mimba nyingi zinazotoka mapema zina kasoro za kromosomu, na si haki kumwambia mama aliyepoteza mimba kwamba jembe lake ndilo lililoua.

Tatizo la vijijini ni siri. Mimba changa hufichwa, kwa hiyo hakuna anayempunguzia mwenye nayo kuni wala maji. Anapofika kliniki kuchukua kadi, mara nyingi mfereji wa neva ulishajifunga zamani, na vidonge vya foliki anavyopewa siku hiyo haviwezi tena kuzuia mgongo wazi.