Menyu ya Machi

Kuna mgahawa mdogo Iringa mjini, upande wa Gangilonga, ambao mwenye mali ndiye mpishi. Hana menyu iliyochapwa. Asubuhi anakwenda sokoni, akirudi anaandika ubaoni alichokipata. Machi iliyopita ubao ulisema: uyoga wa porini, majani ya maboga, maharage, ugali wa ulezi, na chini kabisa ulanzi kwa anayeuweza. Chipsi hakuna. Meza ya jirani walikaa vijana kutoka Dar es Salaam, wakaupiga picha ule ubao, na mmoja akasema kwa furaha kwamba hivi ndivyo babu zetu walivyokula, kwa msimu.

Maneno hayo yalinikaa kichwani kuliko chakula, na chakula kilikuwa kitamu kweli.

Kwa watu wa Uhehe na Ubena, msimu haukuwa suala la ladha. Mvua huku ni ya mkupuo mmoja, inaanza Novemba au Desemba na kukata Aprili au Mei. Machi ni mwezi wa ghala tupu: ya mwaka jana yamekwisha, ya mwaka huu bado mabichi. Uyoga na majani vilijaa chunguni kwa sababu ndivyo vilivyokuwepo. Hata ulanzi, ambao ni maji ya chipukizi la mwanzi lililokatwa ncha, hutiririka miezi hiyohiyo ya mvua. Wa asubuhi ni togwa, mtoto anaruhusiwa. Ukilala unakuwa mkangafu, na hapo mtu mzima ajiangalie.

Kinga ya Machi ilikuwa ulezi. Ni punje ndogo, ngumu, wadudu hawaiwezi, na ikihifadhiwa vizuri hukaa miaka. Ghala la ulezi lilikuwa akiba ya mvua kadhaa zilizopita. Ndiyo maana vita vya ukoloni huku haviwezi kusimuliwa bila chakula. Kalenga ilipoanguka mwaka 1894, Mkwawa aliendelea kupigana msituni hadi alipojiua mwaka 1898, na muda wote huo aliishi kwa kulishwa na watu wake. Wajerumani waliwasaka waliompa chakula sawa na waliobeba silaha. Kisha ikaja Majimaji, 1905 hadi 1907. Ungoni na Ubena mashamba na maghala yalichomwa kwa makusudi, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Aliyechomewa ghala alipoteza zaidi ya mavuno ya mwaka mmoja.

Na hao babu wa kwenye picha, walikula nini hasa? Futa ubaoni kila kilichovuka bahari kutoka Amerika: maharage yanaondoka, maboga na majani yake yanaondoka. Viazi mviringo, ambavyo leo ndivyo sura ya Njombe na Mbeya, vinaondoka pia. Hivyo huku vinahusishwa na wamisionari wa Kijerumani. Unabaki na ulezi, uyoga na ulanzi. Si haba, lakini ni mlo mfupi.

Mahindi nayo ni mgeni, ila mgeni aliyepewa nyumba. Baada ya ukame wa 1973 na 1974, serikali iliweka bei moja ya mahindi nchi nzima. Mkulima wa Mbozi alilipwa sawa na wa jirani na Dar es Salaam, gharama ya usafiri ikabebwa na Shirika la Usagishaji la Taifa. Barabara ya kwenda Zambia ilikuwepo, reli ya TAZARA ikakamilika mwaka 1975, mbolea ikauzwa kwa ruzuku. Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma zikawa ghala la taifa. Ulezi ulisukumwa kwenye uji wa watoto na kwenye pombe. Sioni sababu ya kuwalaumu waliobadili: gunia za mahindi zilisomesha watu, mimi nikiwa mmoja wa wajukuu wao. Lakini mahindi hayatunziki kama ulezi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 dumuzi, mdudu aliyetoka Amerika kama mahindi yenyewe, alionekana Tabora, akasambaa. Wakulima walimbatiza Skania.

Mwenye mgahawa ni Mnyakyusa wa Tukuyu, na nadhani hilo linaeleza mengi. Kwao mvua haikati kirahisi, na ndizi huzaa mwaka mzima. Machi haina sura ile tuliyoijua sisi. Kwao pia kulikuwa na desturi ambayo Monica Wilson, aliyeishi Unyakyusa miaka ya 1930, aliiandika katika kitabu chake cha 1951: ukwangala, raha ya kukaa na kula na wenzako. Vijana wa rika moja walijenga kijiji chao, wakaenda kundi zima kula kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Mama huyu hakubali mteja ale peke yake. Anakuvuta meza ya wengine, anakwambia, "Sogea hapo mdogo wangu, ulezi hauliwi kwa kujificha."

Nilimpelekea bibi yangu, Kilolo, kipande cha ule ugali nikiwa nimekifunga kwenye jani la mgomba. Alimega, akatafuna taratibu.

"Umesagwa vizuri," alisema. "Nani kakupa?"

"Nimenunua, bibi. Mgahawani."

"Mwezi huu?"

Akauliza bei. Nilipomtajia alinyamaza, akafuta mikono kwenye khanga. Kisha akataka kujua huyo mama ananunua ulezi kwa debe au kwa gunia, na kama hulipa siku hiyohiyo.