Ruzuku ya Pamba Wilayani Poinsett

Mwaka 1933, bei ya pamba ilipokuwa imeporomoka, serikali ya Rais Franklin Roosevelt wa Marekani ilitunga sheria ya kuwalipa wakulima ili wapunguze kilimo. Msimu ule ule, ekari zipatazo milioni 10 za pamba iliyokwisha kuota zilifukiwa kwa plau.

Katika wilaya ya Poinsett, jimbo la Arkansas, wengi walioshika jembe hawakuwa na ardhi. Walilima shamba la tajiri na kugawana naye mavuno. Mkataba wa 1934 na 1935 uliahidi hadi senti nne na nusu kwa kila ratili isiyolimwa: nne za mwenye shamba, nusu senti ya mgawana mavuno. Na hiyo nusu nayo ilipitia mkononi mwa tajiri. Shamba lililopumzishwa halihitaji vibarua. Wengi walifukuzwa, ruzuku ikawa ujira wa kuwatoa.

Julai 1934, karibu na mji wa Tyronza, watu 18, weupe 11 na weusi 7, waliunda chama chao, Southern Tenant Farmers' Union. Februari 1935, huko Washington, wanasheria wa serikali waliotaka mkataba uwakinge wakulima hao wasifukuzwe, walifukuzwa wao.

Wahenga walinena: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Januari 1936 Mahakama ya Juu iliitangua sheria ile, lakini kwa hoja ya kodi na mipaka ya mamlaka. Aliyetolewa kibandani hakutajwa.