Okot p'Bitek na Tasnifu Iliyokataliwa

Siku hizi msanii anaweza kupata shahada ya uzamivu kwa sanaa yake mwenyewe. Kule Chuo cha Sibelius, Helsinki, mwanamuziki anatahiniwa kwa matamasha yake pamoja na maandishi yanayoyaeleza. Hayo maandishi ndiyo huwatoa wengi jasho. Utauelezaje wimbo wako bila kuukausha?

Okot p'Bitek hakuukuta mlango huo. Alizaliwa Gulu mwaka 1931, akaenda Uingereza 1956 na timu ya kandanda ya Uganda, akabaki huko kusoma. Alipitia Bristol na Aberystwyth, mwishowe Oxford, kwenye anthropolojia. Darasani walimu waliwaita Waafrika washenzi, naye akabisha.

Mwaka 1966 shairi lake, Song of Lawino, lilichapishwa Nairobi. Lawino, mke wa kijijini, anawashangaa wamisionari waliomwita Mungu Rubanga. Kwa Waacholi, Rubanga ni nguvu inayopinda watu mgongo. Sasa huyo ndiye muumba?

Okot aliendelea kubishana na wageni walioeleza dini zetu kwa macho yao, safari hii kwa tasnifu ya uzamivu kuhusu dini ya Waacholi na Walango. Oxford ikaikataa mwaka 1970. Mwaka uliofuata ikatoka Nairobi kama kitabu, Religion of the Central Luo.

Kwa hivyo ubishi ulikuwa mmoja, vyombo viwili. Chuo kilipima kimoja tu. Shairi halikuwa ushahidi wa kitu chochote mbele ya watahini, ingawa lilikuwa limeshawafikia watu wengi.

Sisi wa huku Busia tunajua habari za kuvushwa. Jina bodaboda lilizaliwa mpakani hapa, baiskeli zikibeba watu kutoka forodha hii hadi ile. Maandishi ya msanii ni kama ile baiskeli: yanavusha mzigo, lakini si mzigo wenyewe.

Mimi niliacha chuo, sina shahada ya kutetea. Lakini hapa Sigalame kuna mama anayejua nyimbo za matanga na maana ya kila mstari, na bado ataambiwa hajasoma. Hilo ndilo linaloniuma.

Okot alifariki 1982 bila ule uzamivu wa Oxford. Leo wengine wanapata wao kwa kuandika juu ya Lawino.