Vumbi la Sahara: Mbona vipimo vya chuma hutofautiana?

VUMBI linalopeperushwa na upepo kutoka jangwa la Sahara huvuka bahari ya Atlantiki likiwa na madini ya chuma. Chuma hicho hurutubisha mimea midogo ya baharini, ambayo ndiyo msingi wa chakula cha samaki. Hata hivyo, ni sehemu ndogo tu inayoyeyuka majini, na kuipima si jambo jepesi.

Wanasayansi hunasa vumbi kwenye karatasi ya kuchujia, kisha huliosha kwa kimiminika na kupima chuma kilichotoka. Wapo wanaotumia maji safi kabisa, na wengine myeyusho wa amonia asetati wenye asidi kidogo. Njia ya tatu, iliyochapishwa mwaka wa 2008, hutumia asidi ya siki ya asilimia 25 pamoja na kemikali ya haidroksilamini, mchanganyiko ukipashwa joto kwa dakika 10.

Kimiminika kikiwa kikali, vumbi lile lile hutoa chuma kingi zaidi. Hivyo basi, tarakimu isiyotaja njia iliyotumiwa hupotosha: msomaji aweza kudhani bahari moja imelishwa kuliko nyingine, kumbe tofauti imo maabarani.