Aliyehesabu Vidaka vya Pate

Kwenye basi la Tanga, salamu zikiisha na joto likishalalamikiwa, jirani wa kiti huuliza: "Kwenu wapi?" Hakuulizi kwako. Kwako ni pale unapolipa kodi, penye kitanda chako na ufunguo wako. Kwenu ni kwa wengi, hata kama ulizaliwa peke yako na wazee wamekwisha kufariki. Mimi hujibu "Tanga", kisha ulimi hunivuta niongeze: Ngamiani, barabara ya ngapi, ukipita msikiti nyumba ya ngapi, jirani yetu nani. Jina la mji likibaki peke yake naona bado sijajibu. Hamu hiyo ya kutaja vitu vidogovidogo ndiyo iliyonifanya nianze kusoma jinsi wengine walivyokusifu kwao.

Wajapani wana wimbo ambao hautaji jina la mahali popote. Unaitwa "Furusato", yaani kijiji cha kale, nao ulitolewa kwa ajili ya wanafunzi wa shule mwaka 1914. Maneno ni ya Takano Tatsuyuki, mzaliwa wa Nagano, na muziki ni wa Okano Teiichi. Mna kilima cha kuwindia sungura, mto wa kuvulia samaki wadogo, wazazi wanaokumbukwa kutoka mbali, na azma ya kurudi siku mambo yatakapofanikiwa. Kilima hakina jina, wala mto. Ni kijiji cha kila aliyepanda treni kwenda kutafuta kazi mjini, na kila mwimbaji hutia humo kilima chake. Baada ya tetemeko na tsunami ya mwaka 2011, wimbo huo uliimbwa sana kuwafariji watu waliopoteza makwao. Nauheshimu kwa kazi hiyo. Hata hivyo, nikiusoma kama mhakiki, naona kwamba machozi huja nayo mwimbaji mwenyewe. Wimbo umemwekea nafasi ya kuyatolea.

Waarabu wa kabla ya Uislamu walishika njia nyingine. Imru' al-Qays, katika karne ya 6, anaifungua kasida yake kwa kuwasimamisha wenzake wawili walie pamoja naye penye mabaki ya kambi ya mpenzi wake. Papo hapo anataja majina: al-Dakhul, Hawmal, Tudih, al-Miqrat. Majina manne kabla hata hajavuta pumzi. Msomaji asiyelijua jangwa lile anaweza kudhani ni mapambo. Mimi naamini ilikuwa lazima. Mtu wa hema akihama huondoka na nyumba yake. Hubaki majivu, mawe ya jiko, kinyesi cha swala waliokuja baada ya watu, na upepo unaofukua leo ulichokifukia jana. Mahali pasipo ukuta hushikwa kwa jina, na asiyelitaja amepapoteza mara ya pili.

Pate, katika visiwa vya Lamu, haukuwa mji wa hema. Ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ukatajirika kwa biashara ya baharini, kisha nguvu zake zikavunjika mwanzoni mwa karne ya 19, majeshi yake na ya washirika wake wa Mombasa yaliposhindwa katika vita vya Shela. Katika zama hizo za kuporomoka, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi kwa Kiamu, lahaja ya Lamu. Nia yake haina shaka: anauonya moyo wake usihadaike na dunia. Ni utenzi wa mawaidha, na mwisho wake unaingia katika majina ya moto wa akhera. Nikiusoma kama sifa za mji, wapo watakaosema nimepotea njia.

Lakini tazama anavyotembea. Haitupi Pate kwa ubeti mmoja, ilhali mwenye kutoa waadhi angeweza kusema mji umekufa akaendelea. Anaingia nyumba kwa nyumba. Anazikumbuka taa za vioo na za shaba zilizougeuza usiku kuwa mchana, kisha anainua macho na kuona makinda ya popo yananing'inia juu. Anakwenda kwenye vidaka, vile vijishubaka vya ukutani vilivyopangwa sahani za kaure, na humo sasa mmelala wana wa ndege. Kumbi zilizokuwa na mazungumzo zinalia nyenje. Bundi anakoroma katikati ya nyumba. Mtu aliyeikinai dunia hakumbuki kilichokuwa ndani ya kidaka. Mshairi anauambia moyo uache, na wakati huohuo anauonyesha kila chumba ambacho moyo haujakiacha. Sijui maelezo mengine ya mji katika lugha yetu yaliyojaa mapenzi kuliko haya yaliyoandikwa ili kuyakana mapenzi hayo.

Naye hakuishia kwenye kuta. Mwarabu wa jangwani alikuwa akimlilia mpenzi mmoja. Huyu wetu anawaulizia watu wa mji mzima, wako wapi. Miongoni mwao anamtaja Ali bin Nasiri, jina lililomo ndani ya jina lake mwenyewe. Hapo neno "kwetu" linapata uzito wake wote: nyumba hizo zilizohamwa ni za ukoo wake, na anayehesabu vidaka huenda alipata kugombezwa humo utotoni asiguse sahani.

Hata hivyo, wingi huo uliomo katika "kwetu" unaweza kumwelemea mtu. Wakili Mkenya, S. M. Otieno, alifariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika Upper Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya, kwa wazee wake. Katika Kijaluo ot ni nyumba, dala ni nyumbani, na hoja ya ukoo ilikuwa kwamba Mjaluo aliyejenga Nairobi ana ya kwanza tu. Kesi ilichukua zaidi ya miezi minne, maiti ikingoja, na ukoo ukashinda. Akazikwa Nyalgunga Mei 1987. Najua maana ya kaburi kwa ukoo. Wachaga nao huwazika wazee wao kihambani, katika shamba la ukoo, penye mimea ya masale, na kila Desemba mabasi ya Moshi hujaa watoto na wajukuu hata watu husema wanakwenda kuhesabiwa. Safari hiyo mtu huifanya kwa miguu yake. Otieno alipelekwa. Kila nikiisoma habari ile, huruma yangu huenda kwa mwanamke aliyeambiwa kwamba nyumba aliyoishi na mumewe haikuwa kwao. Sayyid Abdalla aliwaita watu wa Pate kwa majina bila kumdai yeyote arudi.

Kwangu mimi, dalili za kwetu huanza kabla ya kufika. Ukikaribia mashamba ya mkonge, harufu ya makapi yanayooza huingia dirishani, kali, na wageni hufunga vioo. Mimi hukifungua changu. Hakuna wimbo wa kuifaa nchi nzima utakaoisifu harufu ile, na sitaki uwepo.

Pate nayo haikuisha. Kijiji kipo hadi leo, ubavuni mwa magofu, na wenyeji wanapanda tumbaku katikati ya kuta zilizosimama. Humo mlimokuwa na kumbi, mtu anainama na jembe, anapalilia, anamwita mtoto alete maji. Mtoto huyo akipanda mashua kwenda Lamu na kuulizwa kwao wapi, hujibu Pate, kisha huongeza mtaa.